Jiko la Makaa Chumbani Wakati wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wengi wa Nairobi huingiza jiko la makaa ndani, hufunga madirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Hudhani kuwa moshi ukishakwisha, hatari nayo imekwisha.

Msomaji, sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili huishiwa na oksijeni hali mtu angali anapumua. Aliyelala huenda asiamke.

Je, jiko la kisasa lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980? Hilo hupunguza gharama ya makaa, na ni jambo jema, lakini sumu ni ile ile.

Ikiwa watu wote nyumbani wanaumwa na kichwa kwa pamoja, wana kizunguzungu na kichefuchefu, usikimbilie kusema ni malaria. Watoe nje upesi, kisha uwapeleke hospitali wapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii kitu, kwani sumu hii huingia kwa mapafu, si kwa tumbo.

Kabla ya kulala, toa jiko nje, hata kama makaa yamefunikwa na jivu. Kitandani, tumia blanketi la ziada au chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.