Nafasi ya Vina katika Ufundishaji wa Kusoma kwa Watoto wa Arusha na Meru

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili matumizi ya maneno yenye vina katika kuwafundisha watoto hatua za awali za kusoma Kiswahili. Mnamo 1983, Bradley na Bryant walionyesha, kwa watoto zaidi ya 400 wa Uingereza, kwamba uwezo wa kutambua vina kabla ya kuanza kusoma ulihusiana na maendeleo ya baadaye ya kusoma. Tangu hapo mazoezi ya vina yameenea sana. Swali letu ni hili: je, mazoezi yaliyobuniwa kwa Kiingereza yanaifaa lugha yenye muundo tofauti wa silabi? Tunadai kwamba yanafaa, ila kwa sharti kwamba kina kifafanuliwe upya.

2.0 Kina cha Arudhi na Kina cha Darasani

Katika arudhi ya Kiswahili, kina hutimizwa na silabi ya mwisho. Kwa hiyo fika, toka na suka yana kina kimoja, yaani -ka. Kwa mwalimu wa darasa la awali, kina hiki kina kasoro mbili. Kwanza, hakivunji silabi. Mtoto hubaki na ka nzima, kama anavyobaki nayo anapokariri ba, be, bi, bo, bu. Anayekariri hivyo anaweza kuimba jedwali lote bila kujua kwamba b na a ni sauti mbili. Pili, vitenzi vingi huishia na viambishi vilevile. Mtoto anayelinganisha pikwa na limwa huenda anatambua kiambishi cha kutendwa, wala si sauti.

Tunapendekeza kina kipana, kinachoanzia kwenye irabu yenye mkazo, yaani irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Mfano ni simba, chimba, vimba na imba. Hapa kinachobadilika ni konsonanti ya mwanzo peke yake. S ikiondolewa katika simba, hubaki imba, neno ambalo mtoto analijua. Chimba nalo humfundisha kwamba herufi mbili, c na h, huwakilisha sauti moja. Kwa njia hii kina hukata silabi si-, jambo ambalo jedwali la silabi haliwezi kulifanya.

3.0 Mazingira ya Lugha

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, kandokando ya Mlima Meru watoto wengi hukianza wakiwa na lugha nyingine. Kimeru ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga, na huzoeza sikio upatanisho wa viambishi awali. Waarusha huzungumza Kimaa, lugha ya Kiniloti yenye irabu tisa na silabi funge, kama katika enkang (boma) na enkutuk (kinywa). Mtoto wa Kimaa, basi, hana budi kuzigawa upya irabu zake katika tano za Kiswahili. Makundi kama lima, pima, zima, yakilinganishwa na lema, pema, humpa nafasi ya kusikia mpaka kati ya i na e kabla ya kuziandika.

Aidha, Kiswahili kina mwangwi wa mwanzoni: kikombe kidogo kimevunjika. Huu nao ni ulinganifu wa sauti, na haufai kuachwa eti kwa sababu Kiingereza hakina.

4.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Mtaala wa Darasa la I na II ulioanza kutumika 2015 ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ndani ya lengo hilo, hatua nne zinatosha: kusikiliza kundi la maneno; kutaja lisilofuatana na mengine (simba, paka, chimba); kuondoa au kubadili sauti ya kwanza; kisha kuyaandika maneno katika safu moja, irabu chini ya irabu. Maneno yawe ya mazingira ya mtoto.

5.0 Hitimisho

Alcock na Ngorosho (2003) walionyesha kwamba hata tahajia ya kawaida kama ya Kiswahili haijifunzwi kwa urahisi. Vina havichukui nafasi ya silabi, vinaifungua. Mwalimu aanze na silabi, ambayo ndiyo kipimo cha asili cha lugha hii, kisha atumie kina kipana kumwonyesha mtoto kilichomo ndani yake.