Anza na ndururu yenye tundu

Wasomaji wametuuliza mara nyingi namna ya kuanza kukusanya sarafu za kale. Maswali yao tumeyapeleka kwa mkusanyaji mmoja wa Tanga, mzee asiyependa jina lake lichapishwe, kwa sababu anasema wezi nao husoma magazeti.

Shikamoo mzee. Hamu ninayo, ila kipato changu ni kidogo. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anza na ndururu na senti kumi za zamani, zile za shaba zenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1936 Zanzibar pia, mpaka nchi zetu zilipotoa fedha zao mwaka 1966. Zilikuwa nyingi mno, ndiyo maana hadi leo utazikuta kwenye makopo ya vifungo na kwa wauza vyuma chakavu. Anayeanza hukimbilia dhahabu, akalipa fedha nyingi kabla hajajua anatazama nini. Ukikosea kwenye ndururu hujalala njaa.

Mimi naziona zote ni zilezile. Nitazame nini?

Soma jina la mfalme, soma mwaka, halafu tafuta herufi ndogo. Ukiona H, ilipigwa kwenye kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni Kings Norton, mji huohuo. Kwa mwaka mmoja unaweza kupata zenye herufi na zisizo na herufi, na hizo mkusanyaji huzihesabu mbalimbali.

Sasa tafuta za mwaka 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Huyu Edward wa nane alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akakiacha Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, hata taji hajavishwa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini sarafu yenye tundu haina pa kuweka sura! Jina lilitosha, basi viwanda vikapiga ndururu na senti kumi zake, zikaja huku kununulia chumvi sokoni. Mpaka leo bei yake ni ndogo, na Mwingereza anayetaka kukamilisha orodha ya wafalme wake kwa gharama nafuu huja kutafuta za kwetu. Mimi sijaona sarafu inayomfaa anayeanza kuliko hiyo.

Na shilingi ya simba? Nasikia ni fedha tupu.

Si tupu. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Atakayekushauri uiyeyushe kwa sonara anakuonea.

Nimerithi sarafu chache, zimekuwa nyeusi. Bibi ananiambia nizisugue kwa ndimu na jivu.

Mpe bibi heshima zake zote, lakini ndimu muwekee kwenye samaki. Ule weusi si uchafu. Ni ngozi ambayo sarafu imejifanyia kwa miaka mingi, nayo inailinda. Asidi ya ndimu hula ile ngozi pamoja na mistari midogo ya nakshi. Jivu na dawa ya meno huacha mikwaruzo ambayo mnunuzi mwenye lenzi ataiona mara moja. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kwa namna ya kitu kilichovuliwa nguo, na thamani yake hushuka, wakati mwingine ikabaki chini ya nusu. Hakuna fundi wa kuirudishia.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, siku moja au mbili, uyabadilishe, kisha iache ikauke juu ya kitambaa laini bila kuifuta kwa nguvu. Inatosha. Na unapoishika, ishike ukingoni, kwa maana jasho la vidole lina chumvi na alama ya kidole ikishaingia kwenye shaba haitoki.

Sisi wa pwani tuzihifadhi vipi?

Adui wenu ni unyevu na hewa ya chumvi. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC. Hutoa kemikali, na baada ya muda sarafu inaota utando wa kijani unaonata. Tumia vibahasha vya karatasi isiyo na asidi, au kadi zenye kidirisha, uvipange kwenye kopo linalofunga vizuri. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Juu ya kila kibahasha andika umeipata wapi, lini na kwa bei gani. Kwa penseli.

Nikitaka za kale zaidi?

Pesa za Sultani Barghash zenye picha ya mizani si adimu. Mwaka wake ni wa Hijria, 1299, kwa tarakimu za Kiarabu. Kuupata wa kizungu kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: utafika 1882. Kuna pia pesa za Wajerumani za 1890 hadi 1892, na rupia zao za fedha zenye Kaisari aliyevaa kofia ya chuma yenye tai.

Ila mwaka usikudanganye. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar, Oman na Ethiopia, imeandikwa 1780 siku zote. Iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule, Vienna na kwingineko, hata katika karne ya 20.

Bandia nitaijuaje?

Nunua mizani ndogo ya kidijitali kabla ya kununua sarafu ya gharama. Reale halisi ina gramu 28 na kidogo. Rupia ya Kijerumani 11.66. Bandia nyingi huanguka hapo. Sumaku nayo husaidia: fedha na dhahabu hazishikwi. Na akikuletea mtu dhahabu ya Tabora, ile ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa mwaka 1916 wakati Wajerumani wamezingirwa na vita na meli za kwao hazifiki, msikilize, mpe chai, usimpe hela. Inaigizwa mno.

Kuna ujumbe WhatsApp kwamba shilingi ya Nyerere ya 1966 inanunuliwa kwa mamilioni. Ni kweli?

Si kweli. Zilipigwa kwa wingi na zipo tele. Ukiambiwa utume kwanza ada ya usajili, funga simu.

Ndugu yangu wa Kilwa ameokota visarafu vidogo vya shaba mchangani. Anauza. Ninunue?

Usinunue, na umwambie avipeleke kwa maofisa wa Mambo ya Kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huna ruhusa ya kuvipeleka nje ya nchi kiholela. Tena kwa sarafu za masultani wa Kilwa, mahali ilipopatikana ni nusu ya habari yake. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara, ikawa ushahidi kwamba biashara ya pwani ilifika huko. Nyingine tano aliziokota askari mmoja mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje. Kama angeziuza kimyakimya kwa mtu kama wewe, leo zingekuwa vishaba vitano kwenye kopo.