Kupima Kwanza, Kutukuza Baadaye



Darsa yetu ya leo ni juu ya jambo liwahusulo wazee wote wenye watoto katika skuli za sekondari: vipi masomo yazidishwe uzito, na vipi mwanafunzi aliyefanya vizuri atambuliwe mbele ya watu. Wengi hudhani kuwa haya ni mambo mawili, la kwanza ni kazi ya walimu na la pili ni kazi ya kamati ya sherehe. Sisi twaona ni jambo moja. Tuzo isiyotanguliwa na kipimo cha haki ni maneno matupu, na kipimo kisichofuatwa na tuzo humvunja moyo mwenye kujitahidi.

Natutazame kwanza siku ya zawadi kama ilivyo katika skuli nyingi za miji yetu. Turubali hutandwa, viti hupangwa, mgeni wa heshima huja akiwa amechelewa, naye husema kwa muda wa saa nzima. Majina ya watoto husomwa kwa dakika kumi, tena kwa haraka, kwa sababu biriani yapoa. Kuna zawadi ya wa kwanza na ya wa pili, kuna ya usafi, kuna ya mpira, na ili mzazi yeyote asinung'unike huongezwa nyengine hatta kila darasa likapata fungu lake. Hatuichukii furaha hii. Watoto wana haki ya kufurahiwa. Lakini twauliza: alama zile zilizosomwa zilipimwa kwa mizani gani? Mara nyingi mtihani hutungwa na mwalimu yule yule aliyesomesha, kwa maswali aliyoyadokeza wiki iliyopita. Insha hurudi ina kumi na sita juu ya ishirini, wala haina mstari mmoja mwekundu wa kuonyesha kosa liko wapi. Mwalimu ana madaftari mengi na usiku ni mfupi, hilo twalijua. Walakini huruma ya namna hii humdhuru mtoto.

Tumemwona kijana mmoja, ambaye skuli yake hatuitaji, aliyerudi nyumbani na cheti cha mwanafunzi bora wa hisabati wa kidato cha tatu. Cheti kikatiwa fremu, kikatundikwa ukumbini. Mwaka uliofuata mtihani wa taifa ukampa D katika somo lile lile. Babake, mtu wa bahari asiyepata kusoma skuli, alitujia akatuuliza: "Sheikh, mwanangu alisahau, au tangu hapo hakuwa akijua?" Tulimjibu kuwa hakusahau; hakuwa amepimwa. Yule mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba lau angaliambiwa mapema angaliuza mashine ya mashua ili amtafutie mtoto mwalimu. Hilo ndilo linalopotea pale alama zinapopakwa mafuta: hupotea wakati ambao bado dawa ingefaa.

Na yaliyokuwa katika skuli moja yamepata kuwa katika nchi nzima. Mwaka 2015 karatasi za mtihani wa KCSE ziliuzwa na kutumwa kwa simu kabla ya kufunguliwa, na matokeo yalipotoka watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata daraja ya A. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa, na Bwana Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akaweka amri mpya. Walimu wakuu wakabebeshwa dhamana ya karatasi wao wenyewe. Ziara za wazazi, siku za dua na siku za zawadi zikakatazwa katika muhula wa tatu, kwani baadhi ya mikutano hiyo ilikuwa mlango wa kupitishia karatasi. Mwisho wa mwaka huo waliopata A walikuwa 141, katika watahiniwa zaidi ya nusu milioni. Watu walibishana sana kama usahihishaji wa mwaka ule ulimtendea haki kila mtoto, na ubishi huo una hoja zake. Lakini hapana awezaye kusema kuwa akili za vijana wa Kenya zilikauka katika miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mizani. Nasi twawafikiria wale wa mwaka 2015 waliopata A yao kwa jasho: wao ndio waliodhulumiwa kuliko wote, kwa kuwa hatta leo hapana ajuaye ipi ilikuwa halali na ipi ilikuwa ya kununuliwa.

Ajabu ni kuwa sisi watu wa pwani tunayo mizani bora, na tunaitumia kila asubuhi, ila hatuivuki nayo njia kuipeleka skuli. Chuoni mtoto husikilizwa peke yake. Haendi mbele mpaka aliyoyasoma yathibiti, hatta kama wenziwe wamemtangulia kwa juzuu mbili, wala hapana anayeona kuwa hiyo ni aibu. Siku anapokhitimu hualikwa majirani, na kila aliyehudhuria anajua kuwa mtoto huyu amesoma kweli, kwa sababu aweza kumsomesha papo hapo. Amma skuli, Januari ifikapo wote huvuka kidato pamoja, anayejua na asiyejua, na yale mapengo ya kidato cha kwanza hubebwa mpaka cha nne kama maji katika mtumbwi uvujao.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni ule wa Sayyidna Umar na Abdallah bin Abbas, ulioko katika Sahihi ya Bukhari. Umar alikuwa akimkalisha kijana yule pamoja na wazee waliopigana Badri, na baadhi yao wakaona vibaya, wakasema kuwa wao pia wana watoto wa rika lake. Umar hakuwakemea, wala hakumsifu kijana kwa maneno. Aliwakusanya wote siku moja akawauliza maana ya Suratu 'n-Nasr. Wengine walijibu kwa dhahiri ya maneno, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema kuwa ndani yake mna khabari ya kukaribia kufariki kwake Mtume, na Umar akakiri kuwa naye hajui ila hivyo. Tazameni mpango wa jambo hili: swali lilikuwa moja kwa wote, lilikuwa zito, liliulizwa hadharani, na heshima ya kijana ikathibiti machoni mwa wale wale walioipinga.

Huenda mtu akasema kuwa uzito wa masomo ni kumwamsha mtoto saa kumi za alfajiri na kumpiga akikosea. Hivyo sivyo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kuwa ukali kwa wanafunzi huwaondolea uchangamfu na kuwafundisha uwongo na hila, kwa kuwa huogopa kuonyesha yaliyomo nafsini mwao. Anayetaka kujua wizi wa mitihani huzaliwa wapi asianzie kwa wauzaji wa karatasi. Atazame darasa ambamo kukosea ni jinai.

Basi uzito ni upi? Ni daftari kurudi limesahihishwa, na mtoto kuliandika upya lile alilokosea. Ni swali lisilojibika kwa kukariri. Ni skuli mbili au tatu za jirani kubadilishana karatasi, walimu wa huku wakasahihisha za kule bila kuona majina. Jambo hili halihitaji fedha, lahitaji walimu wakuu wanaoaminiana, na pengine ndiyo sababu ni nadra. Ni kumwambia mzazi ukweli katika kidato cha kwanza, wala si katika cha nne. Na wazee nao wasiende kumgombeza mwalimu kwa kuwa alama za mtoto zimeshuka. Wamuulize zimeshuka kwa kosa gani.

Yakishakuwa hayo, ndipo tuzo ipate maana, nasi hatutaki apewe wa kwanza peke yake. Mtoto aliyeingia akiwa na E ya kemia akapanda mpaka C kwa kipimo kisichopendelea amesafiri mbali kuliko yule aliyeingia na A akabaki nayo. Atajwe, na isemwe alianza wapi. Msichana anayepika, analea wadogo zake, kisha anasoma usiku, asiachiwe zawadi ya usafi ilhali biolojia yake inawashinda wavulana wote. Wala anayeshindwa leo asifungiwe mlango. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh al-Amin, alimaliza skuli Mombasa na daraja ya tatu katika cheti cha Cambridge, daraja isiyotosha kuingia Makerere. Mwaka 1960 alipata digrii Manchester, mwaka 1966 udaktari wa Oxford, na Makerere hiyo hiyo ikamketisha katika kiti cha profesa. Daraja ile haikufichwa wala haikupakwa rangi. Alijua mahali aliposimama, na akaanzia hapo.

Amma zawadi zenyewe, tumechoka na sahani na thermosi. Apewe mtoto kamusi, au jedwali za hisabati, au alipiwe vitabu vya mwaka. Ndani ya jalada iandikwe kazi aliyoifanya, kwa mfano "kwa insha yake juu ya maji ya visima", na insha yenyewe isomwe na mtoto mwenyewe mbele ya watu, kabla ya biriani, mgeni wa heshima akiwa msikilizaji.