Somo la 9: Ulinzi wa Kijiji ni Kazi ya Wote

Soma kwanza kisa hiki polepole. Kisa chenyewe ni cha mfano, lakini mambo ya namna hii hutokea katika vijiji vyetu. Ukimaliza kusoma, zungumza na wenzako darasani. Kisha mjibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

1. Usiku wa yowe

Katika kijiji kimoja mbuzi walianza kuibwa. Wiki ya kwanza Mzee Nassoro alipoteza mbuzi 2. Wiki ya pili Mama Shida alipoteza mbuzi 4. Mbuzi hao ndio waliokuwa sare na madaftari ya watoto wake. Wiki ya tatu wezi walivunja zizi la mjane mmoja. Hawakumwachia hata mbuzi mmoja.

Watu walikasirika. Waliulizana, "Ni nani?" Jibu lilikuwa moja tu: "Ni wale vijana wa kijiweni."

Kijiwe kilikuwa chini ya mwembe, karibu na duka. Vijana walikaa pale tangu asubuhi. Wengine walicheza karata. Wengine walivuta bangi. Wengine walikaa tu. Hakuna mtu aliyewaona wakiiba. Lakini hawakuwa na kazi, na mtu asiye na kazi hushukiwa upesi.

Usiku mmoja yowe lilipigwa. Watu walitoka na tochi, fimbo na mapanga. Njiani walikutana na kijana mmoja wa miaka 19, jina lake Yakobo. Alikuwa amebeba mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na nyama ya mbuzi.

Mtu mmoja akasema, "Huyu ndiye!"

Yakobo hakuulizwa neno. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni. Ya pili ilimpata sikioni. Akaanguka. Mtu mwingine akaondoka kwenda kutafuta petroli.

Mama Shida alifika mbio. Yeye alikuwa na hasira kuliko wengi waliokuwa pale. Lakini alisimama mbele ya Yakobo, akanyoosha mikono. Akasema, "Jamani, acheni! Niliyeibiwa ni mimi. Mkimwua huyu, mbuzi wangu watarudi? Na kama siye, nani atakwenda kumwambia mama yake?"

Watu walinyamaza. Fimbo zikashuka. Mwenyekiti wa kitongoji alifika, akawaamuru mgambo wawili wamlinde Yakobo. Kisha akampigia simu askari wa kata. Usiku ule ule Yakobo alipelekwa kwenye zahanati.

2. Ukweli ulivyojulikana

Asubuhi askari alikuja kijijini. Hakuanza kwa kukamata watu. Alianza kwa kuuliza.

Alimwuliza mchinjaji. Mchinjaji akasema, "Jana Yakobo alinisaidia kuchuna mbuzi 3. Sikuwa na fedha, nikamlipa kilo 2 za nyama."

Alimwuliza mama anayeuza maandazi. Mama huyu huamka saa 10 alfajiri kuwasha moto. Akasema, "Mara mbili nimeona pikipiki yenye tenga kubwa imesimama darajani. Waendeshaji si watu wa hapa."

Askari akamwuliza, "Mbona hukusema, mama?"

Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza, Afande. Tena niliogopa."

Mtendaji wa kijiji akafungua daftari la vibali vya kusafirisha mifugo. Wiki zile hakuna mtu aliyechukua kibali cha kutoa mbuzi kijijini. Basi siku ya mnada wa kata ya jirani, askari na mtendaji walikwenda pamoja. Walikagua vibali. Watu wawili walikutwa na mbuzi wasio na kibali. Mama Shida aliwatambua mbuzi wake 2 kwa alama ya sikio. Wale watu walikamatwa, wakapelekwa mahakamani. Hawakuwa vijana wa kijiweni. Hawakuwa hata watu wa kata ile.

Yakobo alipona. Lakini sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo.

Ndugu mwanakisomo, hebu tufikiri. Habari zote zilikuwamo kijijini. Mchinjaji alijua jambo moja. Muuza maandazi alijua jambo jingine. Mtendaji alikuwa na daftari. Lakini kila mmoja alijua peke yake. Askari naye alikuwa na uwezo wa sheria, lakini bila wananchi hakujua lolote. Mambo hayo yalipokutana, wezi walipatikana. Yalipokuwa mbalimbali, kijana asiye na hatia alikaribia kuuawa.

3. Mkutano wa kijiji

Baada ya siku chache mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa. Askari alialikwa. Vijana nao waliitwa, jambo ambalo halikuwa kawaida.

Mzee Nassoro alisema kwanza: "Afande, sisi tukileta mwizi kituoni, kesho tunamwona njiani anatucheka. Ndiyo maana watu wanapiga."

Askari akajibu, "Shikamoo, mzee wangu. Nimekusikia. Mtu akipewa dhamana, kesi yake haijafutwa. Atarudi mahakamani siku aliyopangiwa. Lakini kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi hawaji. Mnamleta mtu, kisha kila mmoja anakwenda shambani. Hakimu atamfunga kwa ushahidi upi? Na mimi nakubali kosa letu. Mara nyingine tunachelewa. Kata ina vijiji 4, na pikipiki yangu ni moja. Jambo la mwisho: askari yeyote akiomba fedha ili atoe dhamana, msimpe. Dhamana haiuzwi. Mwambieni mkuu wa kituo, au nendeni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa."

Kisha kijana mmoja wa kijiweni alisimama. Akasema, "Wazee wetu, mnatuita wezi tangu tulipoacha shule. Kwenye doria hamtuiti. Kwenye mkutano mnatuambia tunyamaze. Shamba hamtugawii. Sasa mnataka tukae wapi?"

Watu walikaa kimya. Mama Shida akasema, "Mwanangu amesema kweli. Kijana tunayemfukuza kila mahali, mwovu ndiye atakayemkaribisha."

4. Waliyokubaliana

Mkutano ulikubaliana mambo 6:

(1) Doria itafanywa kwa zamu. Kila kundi litakuwa na watu wazima na vijana pamoja. Kila zamu itaandika katika daftari: tarehe, majina, saa, na waliyoyaona.

(2) Mtuhumiwa hapigwi. Atakabidhiwa kwa mgambo au askari mara moja. Atakayempiga atashtakiwa yeye.

(3) Askari wa kata atakaa katika ofisi ya kijiji siku moja kila mwezi. Atasikiliza wananchi na kuwaeleza kesi zao zimefika wapi.

(4) Mwenye habari anayeogopa anaweza kumwona mwenyekiti, mtendaji au askari faraghani. Jina lake halitatangazwa.

(5) Kamati ndogo ya mzee mmoja, mama mmoja na vijana wawili itasuluhisha ugomvi mdogo wa vijana kabla haujawa mkubwa. Lakini ubakaji, kujeruhi watu na makosa mengine makubwa hayasuluhishwi nyumbani. Hayo yapelekwe polisi.

(6) Vijana watapewa ekari 3 karibu na mto walime bustani. Wataunda kikundi ili waombe mkopo wa halmashauri ya wilaya.

Je, wizi ulikwisha kabisa? Haukwisha. Mwaka ule kuku waliibwa mara mbili. Lakini watu hawakutoka na petroli. Walitoka na daftari. Na Yakobo sasa ni mwandishi wa doria.

5. Tuliyojifunza zamani

Ulinzi wa wananchi si jambo jipya Tanzania. Mapema katika miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi katika Shinyanga na Tabora. Wananchi wakaanzisha Sungusungu. Walilinda kwa pinde na mishale. Yowe lilipopigwa, kijiji kizima kilitoka, na kijiji cha jirani kikazuia njia. Wizi ulipungua sana katika sehemu nyingi. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria iliyowatambua walinzi hao kama mgambo.

Lakini Sungusungu inatufundisha jambo la pili pia. Katika sehemu nyingine watuhumiwa walipigwa, na wengine waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kina mama wazee waliitwa wachawi wakafukuzwa makwao. Ulinzi usiofuata sheria huleta hofu mpya mahali pa hofu ya zamani.

Katika miaka ya 2000 Jeshi la Polisi lilianza kueneza mpango wa Polisi Jamii, au ulinzi shirikishi. Maana yake ni kwamba wananchi na polisi wanalinda pamoja, kila mmoja kwa sehemu yake.

6. Sheria unazopaswa kujua

Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Inakataza pia kumtesa mtu.

Mwananchi anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kazi ya mwananchi inaishia hapo. Kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Anayemwua mwizi naye ni muuaji mbele ya sheria. Kusema "tulikuwa wengi" hakumwokoi mtu.

Halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama. Ijue kamati yako. Kijiji kikitaka kuwatoza faini wasiofika doria, kitunge sheria ndogo, na sheria hiyo ikubaliwe na halmashauri ya wilaya. Faini isiyo na sheria na isiyo na stakabadhi ni dhuluma.

Sheria inazitaka halmashauri za wilaya kutenga shilingi 10 katika kila shilingi 100 za mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi. Shilingi 4 ni za wanawake, 4 ni za vijana, na 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mwulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako namna ya kuomba.

Wakati wa hatari piga simu namba 112. Sema mambo manne: jina la mahali, jambo lililotokea, watu walioumia, na njia ya kufika.

7. Maneno ya kujifunza

Mtuhumiwa: mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa, lakini haijathibitika.
Ushahidi: maneno au vitu vinavyoonyesha ukweli wa jambo.
Dhamana: ruhusa ya mshtakiwa kukaa nje huku akingoja kesi yake.
Doria: kuzunguka kwa ajili ya ulinzi.
Kusuluhisha: kupatanisha watu waliogombana.

8. Maswali

(a) Kwa nini watu walidhani Yakobo ni mwizi?
(b) Ni nani waliokuwa na habari za kweli? Kwa nini hawakuzisema mapema?
(c) Askari alikubali kosa gani? Aliwalaumu wananchi kwa jambo gani?
(d) Kijana wa kijiweni alilalamika nini? Je, alikuwa na haki?
(e) Mama Shida aliibiwa, lakini alimkinga Yakobo. Wewe ungefanya nini?

9. Hesabu

Kijiji kina walinzi 84. Kila usiku hulinda watu 6. Je, kila mtu atapata zamu baada ya siku ngapi?

10. Kazi ya darasa

Andikeni kwenye karatasi kubwa majina ya mwenyekiti wa kitongoji chenu, mtendaji wa kijiji na askari wa kata, pamoja na namba zao za simu. Waombeni ruhusa kwanza, kisha bandikeni karatasi hiyo kwenye ofisi ya kijiji. Halafu mwalikeni askari aje darasani siku moja. Kila mwanakisomo aandike swali moja la kumwuliza. Vijana wa kijiweni nao waalikwe.

Nakili sentensi hizi mara tatu katika daftari lako, kwa mwandiko mzuri:

Niliyoyaona nitayasema. Nisiyoyaona sitayahukumu.