Kuandika Habari za Nyumbani kwa Mkimbiaji

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya mwenzake aliyeshinda mbio za mita 5000. Ilianza hivi: "Alizaliwa katika jamaa maskini sana hapa Heru Juu." Niliipa alama nzuri, nikaibandika ukutani. Siku ya wazazi baba wa mkimbiaji akaisoma. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umaskini wangu mliupimia wapi? Nina kahawa, nina migomba, na watoto wanne nimewasomesha." Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mtoto.

Twapenda neno "maskini" kwa sababu ushindi huonekana mkubwa ukianzia chini. Lakini neno hilo halielezi kitu. Mtazameni Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyezaliwa Kapsisiywa katika nchi ya Wanandi mwaka 1984, akashinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena 2021. Alilelewa na mama yake, mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Mmoja wa watoto aliowafundisha mama huyo ni jirani yao Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha huko Barcelona mwaka 1992. Sang huyo ndiye aliyekuja kumfundisha Kipchoge kukimbia. Kazi ya mama na ujirani vinaeleza mengi kuliko kuhesabu mbuzi wa nyumbani.

Wala msiandike kwamba fulani ana mbio kwa kuwa ni Muha wa milimani. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, nyanda za juu. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, kando ya Ziwa Victoria. Wote wawili walipata medali za fedha huko Moscow mwaka 1980.

Basi nendeni nyumbani kwa mtu mkaulize. Ulizeni nani alimlea, alitumwa wapi, nani alikataa asikimbie. Mwulizeni na mama, maana baba hujibu upesi mno. Habari za kifo au za talaka, ombeni ruhusa kwanza.

Yule mwanafunzi alikwenda. Insha yake ya pili inaanza na chemchemi iliyo chini ya bonde, na dada mkubwa aliyekuwa akishindana na mdogo wake kupanda mlima na ndoo za maji, akimshinda kila siku. Baba aliisoma mara mbili, akaomba nakala ampelekee binti yake.