Kulipa muuzaji wa Kampala: tuulize kwanza shilingi ngapi zitafika



Kwa kawaida tunaongea hapa juu ya mbegu, udongo na magonjwa ya mimea. Leo somo letu ni la feza, lakini mwisho wake uko shambani. Kahawa nyekundu haingoje mutu. Ikivunwa asubuhi, inapaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya mifuko inaanza kuchacha, na ladha inaharibika. Basi kama mashini ya kumenya imebakia Kampala kwa sababu malipo yalifika pungufu, hasara haiko ya benki. Iko yetu.

Koperative nyingi za upande wa Beni na Butembo zinanunua mashini, nyavu za kuanikia na mifuko huko Uganda. Muuzaji anaandika fakture kwa shilingi ya Uganda. Sisi tuko na franka ya Kongo na dola. Hapo njo shida inaanzia.

1. Kwa nini shilingi ni ngumu kutuma

Mahindi unauza katika kila soko, na bei yake inajulikana. Lakini mbegu ambayo watu wachache wanalima, wanunuzi wake ni wawili ao watatu, na wao njo wanakupangia bei. Feza pia ni vile. Dola inanunuliwa kila mahali. Shilingi ya Uganda inatumika sana kwao, lakini nje ya Uganda benki chache tu zinaiweka. Franka yetu vilevile: benki ya Kampala kwa kawaida haiipokei. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kila nchi imebaki na feza yake.

Kwa hiyo malipo yanapita njia ya kuzunguka: franka inageuzwa kuwa dola, kisha dola inageuzwa kuwa shilingi. Dola zenyewe mara nyingi zinapita katika benki ya katikati, mbali na sisi na mbali na muuzaji. Kila mlango una mtu wa kulipwa.

Kweli, kwenye mpaka wa Kasindi na Mpondwe wabadilishaji wako na shilingi mkononi. Lakini kubeba feza ya koperative ndani ya mfuko ni kuita wezi, na tena hakuna karatasi ya benki ya kuonyesha mkutano mkuu.

2. Feza inapotelea wapi

Pa kwanza ni gharama ya kutuma. Hiyo tunaiona, imeandikwa kwenye bordero.

Pa pili ni makato ya benki ya katikati. Hayo hatuyaoni; yanatolewa njiani.

Pa tatu ni bei ya kubadilisha. Hapo njo feza nyingi inapotea, kwa sababu haiitwi gharama. Benki inaweza kusema “kutuma ni bei ndogo sana,” kumbe imekupa shilingi chache kwa kila dola.

3. Tufanye hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Siku ya kulipa mtaomba bei za kweli. Tuseme mashini ni shilingi 11.100.000, na sokoni dola 1 ni shilingi 3.700. Kwa hesabu ya haraka ni dola 3.000. Komite iko na njia tatu.

*Njia A: benki yetu inatuma shilingi.* Inatoa shilingi 3.550 kwa dola 1. Tunahitaji dola 3.127, na gharama ya kutuma ni dola 20. Jumla: dola 3.147. Muuzaji anapokea shilingi zake zote.

*Njia B: tunaomba muuzaji aandike fakture kwa dola.* Anakubali, lakini anaomba dola 3.050 kwenye konti yake ya dola. Tunalipa dola 50 ili gharama zote za njiani ziwe juu yetu. Jumla: dola 3.100.

*Njia C: tunatuma dola 3.000 kwenye konti yake ya shilingi.* Gharama ni dola 35. Jumla: dola 3.035. Inaonekana ni rahisi kuliko zote. Lakini benki ya katikati inakata dola 20. Zinafika 2.980, na benki ya Kampala inazigeuza kwa 3.620. Muuzaji anapata shilingi 10.787.600. Zimepungua 312.400, na mashini haitoki.

Kumaliza deni hilo tunatuma mara ya pili: karibu dola 86 za deni, 20 za benki ya katikati, na 35 za kutuma tena. Sasa jumla ni dola 3.176, na siku zimepita. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali kuliko zote.

Msiseme kwamba njia B itashinda kila mara. Siku nyingine A itashinda. Kinachobaki ni ulizo moja: *ili shilingi zote za fakture zifike, dola ngapi zitatoka kwenye konti yetu?* Linganisheni jumla hiyo, si gharama ya kutuma peke yake.

4. Kazi ya komite kabla ya kulipa

a) *Ombeni fakture proforma mbili,* moja kwa shilingi na moja kwa dola, zikionyesha bei inadumu siku ngapi.

b) *Ulizeni benki mbili,* kama ziko. Ombeni bei ya kubadilisha ya siku ile kwa maandishi, na siku ngapi feza itachukua kufika.

c) *Chagueni nani analipa gharama.* Kwenye karatasi ya benki kuna herufi tatu: OUR, ni sisi tunalipa zote, SHA, tunagawana, BEN, anayepokea analipa zote. Kama muuzaji anadai kiasi kamili, SHA na BEN zitaleta upungufu. Mukichagua OUR, ulizeni tena kama hakuna makato upande wa pili.

d) *Andikeni jina la muuzaji sawasawa na lilivyo kwenye konti yake,* namba ya konti, feza ya konti hiyo, na kodi ya SWIFT ya benki yake, yenye herufi na namba 8 ao 11. Kosa dogo linaweza kurudisha malipo, na gharama mara nyingi hairudi.

e) *Namba ya konti ikibadilishwa kwa ujumbe wa simu, simameni.* Pigeni simu kwa namba ya zamani munayoijua, musikie sauti ya muuzaji mwenyewe. Wezi wanapenda njia hiyo.

f) *Wekeni nakala* ya fakture, bordero na ujumbe wa SWIFT. Feza ikichelewa, nakala hiyo njo itasaidia kuitafuta.

Anzeni kazi hii miezi miwili mbele ya mavuno. Mwenye haraka hana nguvu ya kuongea bei.

5. Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Mara ya mwisho tulipolipa nje ya nchi, dola ngapi zilitoka na kiasi gani kilifika? Kesiye atuonyeshe karatasi.
2. Katika njia C, tungetuma dola ngapi mara ya kwanza ili shilingi zote zifike? (Jibu: 11.100.000 gawanya kwa 3.620, ongeza 20 za benki ya katikati: karibu dola 3.087, bila gharama ya kutuma.)
3. Na gharama ya kutuma ya dola 35, jumla ni 3.122. Kati ya njia tatu, hiyo ingekuwa ya ngapi?