Nianze lini safari ya kuwa solisita?

SWALI: Nasoma shahada ya sheria, mwaka wa pili, mjini Leicester. Nataka kuwa solisita lakini sijapata nafasi ya mafunzo katika kampuni ya mawakili. Nifanyeje?

JIBU: Anza sasa, na utangulize uzoefu wa kazi. Tangu Septemba 2021, anayetaka kufuzu England na Wales kwa mfumo mpya anatakiwa awe na shahada ya fani yoyote, afaulu sehemu mbili za mtihani wa kufuzu usolisita (Solicitors Qualifying Examination), yaani SQE1 na SQE2, afanye kazi za kisheria kwa miaka 2 na athibitishwe kuwa na mwenendo mwema.

Miaka hiyo 2 unaweza kuigawa katika taasisi zisizozidi 4, hata kwa kujitolea. Kliniki ya msaada wa kisheria chuoni nayo huweza kuhesabiwa. Andika kila wiki kazi ulizofanya, na mwombe solisita akuthibitishie kipindi chako kabla hujaondoka. Ukichelewa, huenda naye ameshahama.

SQE1 ina maswali 360 ya kuchagua jibu. Ukiifaulu ndipo unaruhusiwa kufanya SQE2, inayopima stadi kama kumhoji mteja, kutetea hoja na kuandaa nyaraka. Kila mtihani una nafasi 3 ndani ya miaka 6, kwa hiyo usikurupuke.

Ada za mitihani yote miwili huzidi pauni 4,000, mbali na kozi. Kampuni nyingi kubwa huwalipia wanaowaajiri, na huwachagua takriban miaka 2 kabla ya kuanza kazi. Peleka maombi mwaka huu huu, huku ukiendelea na kliniki.